Tela la pikapu kutoka gereji moja ya Mbeya: kazi nzuri, ila ile ndoano ya nyuma ikatwe

Msimu wa viazi ukikaribia huku kwetu watu wanaanza kuulizana fundi gani anatengeneza tela la maana la kuvuta na pikapu, maana Canter za kukodi kutoka Isyonje mpaka Uyole mzigo ukishakuwa mwingi wenye nazo wanapandisha bei wanavyojisikia na we huna la kufanya. Mi natumia Hilux, ile ya Vigo dabo kebini, na tela nimelichukua gereji moja ya hapa mjini, nimelifanyia kazi msimu mzima wa viazi na kipande cha msimu wa mpunga wa Igurusi, kwa hiyo nasema kitu ninachokijua. Jina la gereji sitaji, mkizunguka kwa wachomeleaji mtakuta wengi wanaofanya kazi inayofanana na tabia zao ni zilezile, haya mambo yatawasaidia popote mtakapoenda.

Tela lenyewe ni la ekseli moja, springi za majani, kitanda kama mita mbili na nusu kwa moja na nusu, chini wameweka chekapleti, mlango wa nyuma unashuka. Bei ilikuwa chini kidogo ya milioni tatu bila tairi la akiba. Kuchomelea wamechomelea vizuri asee, hapo sina neno, nimepita nalo kwenye makorongo ya kutoka shambani limejaa na hakuna sehemu imefungua. Shingo ya tela ni chuma cha boksi kinene, wameingiza mpaka chini ya kitanda, hawakuishia mbele tu kama wale wengine wanavyofanya af baada ya miezi inaanza kupinda. Rangi wamepiga ya kuzuia kutu kwanza ndo wakapaka ya juu. Kwa mvua za Tukuyu hiyo siyo urembo, kule chuma kisichopakwa vizuri kinaoza unakiangalia.

Boli la kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari ambayo mdomo wa tela unakaa juu yake, ni la milimita 50, lile la kawaida, kwa hiyo matela mengi ya watu wengine yanaingia. Mwangalie tu wakati wa kufunga, mdomo wa tela ukishakaa kwenye boli nyanyua shingo kwa mkono au kwa jeki, gari ikinyanyuka nayo ujue imeshika, isiponyanyuka ujue umeweka tu juu na kwenye tuta la kwanza utaliacha.

Sasa mapungufu. Taa wamefunga kiholela, waya umening'inia chini unagusa vumbi, ndani ya muda mfupi indiketa ya kushoto ikafa na breki ikawa inawaka upande mmoja. Nimerudi wakatengeneza bure, sawa, lakini walitakiwa wapitishe waya ndani ya chuma toka mwanzo. Beringi zilikuja na grisi kiduchu mno. Ukichukua tela jipya kwa hawa jamaa fungua habu, yaani kile kitovu cha tairi chenye beringi, uangalie mwenyewe kabla hujatoka nalo mjini, beringi ikikauka inapata moto, tairi linaondoka na habu yake linakupita ukiwa bado unaendesha. Na minyororo ya usalama walitoa mmoja, mwembamba, wa kufungia mbwa ule. Inatakiwa miwili, iwe na nguvu ya kubeba tela, na inapita chini ya shingo kwa kupishana kama alama ya eksi, ili boli likichomoka shingo idondokee kwenye minyororo isichimbe lami. Nilinunua mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi.

Kubwa kuliko yote ni breki, tela halina. Fundi mkuu, mzee mmoja mcheshi sana, nikamuuliza, mzee mbona hili halina breki, akanambia "kijana wangu Hilux ina nguvu, inavuta tani mbili hii." Ni kweli inavuta, kuvuta siyo shida ya Hilux. Shida ni kusimama. Toyota wenyewe uwezo wa kuvuta wanautaja mara mbili, tela lenye breki zake na tela lisilo na breki, na lisilo na breki Hilux ni kilo 750, hata Land Cruiser ya mkonga nayo ni hizohizo 750. Na hiyo ni tela pamoja na mzigo, siyo mzigo peke yake! Hapa piga hesabu, tela langu tupu linakaribia kilo 300, zinabaki 450, yaani magunia manne ya kilo mia. Ya kilo mia kweli, siyo lumbesa, lumbesa ni matatu ukajikaza. Wangapi mmeona pikapu inashuka Uyole na tela la magunia kumi na mbili? Hao wote wanasimamishwa na breki za pikapu peke yake na maombi.

Nimewaambia wanifungie breki za kusukumwa, zile ambazo gari likipunguza mwendo tela linasukuma mbele, shingo inarudi ndani na kuvuta kebo inayobana breki za tela. Walizitoa kwenye tela chakavu lililokuja na makontena, ikaongezeka kama laki nne na nusu. Hiyo hela iliniuma kulipa ila ndo imekuwa hela bora kwenye tela zima, kushuka kutoka Isyonje kuja Uyole asubuhi na ule ukungu sasa hivi ni kitu kingine kabisa.

Haya tuje kwenye ndoano, ambayo ndo imenifanya niandike.

Hawa jamaa kila tela wanalouza wanachomelea boli jingine nyuma, chini ya mlango, wanakwambia ni ofa, ukija kununua la pili unalifunga hapo unavuta mawili kwa safari moja, mafuta yaleyale. Vijana wao wana video kwenye simu za Wamarekani wanavuta nyumba ya magurudumu na nyuma yake boti, "bosi si unaona, wenzetu wanavuta mawili na pikapu moja." Wanavuta ndio. Lakini angalieni hizo video vizuri. Lile la kwanza mara nyingi halijafungwa nyuma ya bampa, limekaa juu ya bodi ya pikapu, kwenye kiti kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma, mfano wa semi linavyokaa kwenye kichwa chake. Uzito unakandamiza ekseli, hauning'inii nyuma ya gari. Tela hilo lina ekseli mbili au tatu zenye breki za umeme ambazo dereva anazirekebisha kwa kifaa kipo kwenye dashibodi. La pili huwa jepesi kuliko la kwanza. Na pikapu zenyewe mara nyingi ni yale madude yao ya tairi nne nyuma, siyo Vigo.

Na hata hukohuko Marekani siyo kila sehemu wanaruhusu. Kila jimbo lina sheria yake, kuna majimbo pikapu haivuti matela mawili kabisa, kuna mengine wanaruhusu kwa masharti ya urefu wa msafara mzima, Michigan wanataka dereva awe na alama maalumu ya R kwenye leseni na la kwanza liwe la kukaa juu ya bodi. Mtu akivuka mpaka wa jimbo na matela yake mawili anaweza kuwa halali upande huu na mkosaji upande wa pili. Kwa hiyo ile video ya sekunde thelathini haioneshi sheria wala haioneshi bei ya hivyo vifaa.

Kwa upande wa fundi yule boli la nyuma limechomelewa kwenye chuma cha engo kilichokuwa kinashikilia mlango tu. Ukifunga tela la pili hapo shingo yake inakandamiza mkia wa tela la kwanza, mkia ukishuka pua inanyanyuka, pua ikinyanyuka inanyanyua nyuma ya pikapu, na pikapu iliyonyanyuliwa nyuma inakosa mshiko tairi za nyuma. Tela linatakiwa likandamize boli kidogo, kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote. La kilo 750 ni kilo 75 hadi 110 hivi, karibu gunia moja. Mi napima kwa mzani wa kupimia magunia, naweka shingo juu ya mzani tela likiwa limejaa kwenye usawa, nasoma, ikipungua nasogeza magunia mbele. Mzigo ukiwa mwingi nyuma tela linaanza kutingisha mkia, na likishaanza kwenye mwendo halitulii lenyewe. Likitokea usikanyage breki ghafla na usikimbizane na usukani, shika usukani ulionyooka toa mguu kwenye mafuta liache lipungue.

Sasa hiyo ni tela moja. Ukiwa na mawili, mtikisiko mdogo wa pikapu unakuwa mkubwa kwenye la kwanza na mkubwa zaidi kwenye la mwisho, ni fimbo ya mchunga ng'ombe, mkono unasogea kidogo ncha inachapa. Jirani yangu wa shamba alijaribu na matela ya gereji hiihii, alikuwa mwendo wa kawaida tu, akakwepa bodaboda iliyotoka kwenye njia ya pembeni, pikapu ikarudi kwenye mstari, tela la kwanza likarudi, la pili likaenda kwenye mtaro na viazi vyote. Bahati hapakuwa na mtu pembeni ya barabara, na pale huwa wanauza ndizi. Na kurudi nyuma na matela mawili usiniambie, maungio yakiwa mawili hata dereva wa malori anashuka anafungua. Trekta kwenye mashamba ya miwa linavuta mawili ndiyo, lakini lile linatembea taratibu, ni zito kuliko pikapu mara kadhaa na njia ni ya shambani.

Kwenye karatasi nako mafundi hawawaambii. Tela ni chombo kinachosajiliwa chenyewe, lina kadi yake na namba yake, ndo maana lori linaonesha namba ya kichwa na namba ya tela tofauti. Kubandika namba ya pikapu nyuma ya tela siyo usajili. Dai risiti ya gereji toka siku ya kwanza kwa sababu bila risiti utazunguka sana ukienda TRA. Bima ongea na wakala wako litajwe kwa maandishi, usidhani bima ndogo ya pikapu inalifunika moja kwa moja. Leseni daraja B peke yake haitoshi kama unabeba mzigo wa biashara, hapo ni D. Faini ya trafiki elfu thelathini kwa kosa, na tela bovu lina makosa mengi kwa wakati mmoja, taa, rifleta, tairi, mzigo kuzidi, anaweza kukuandikia mpaka ukauza gunia. Gari linalozidi tani 3 na nusu linatakiwa lipite mzani, pikapu na tela vikishajaa unaifikia hiyo mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo Makambako au Mpemba ukiambiwa ingia usianze ubishi. Mwendo, makazi ya watu ni 50, na msafara mzito unaozidi tani 3.5 mwisho ni 80, mi na tela sivuki 70 hata barabara ikiwa nyeupe.

Milima yetu mnaijua. Iwambi kila mtu anajua malori yanavyofeli breki pale, Kitonga ukishapita Iringa kuelekea Morogoro ni kona juu ya kona, na tela linakata kona kwa ndani zaidi ya pikapu kwa hiyo panua. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, uiingize kabla mteremko haujaanza, breki ukikanyaga muda wote zinapata moto na kuna hatua kanyagio linazama na hakuna kinachoshika. Ukisikia harufu tafuta pa kusimama, weka mawe kwenye tairi za tela pia, siyo za pikapu tu.

Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano. Chuma na uchomeleaji tano, umeme mbili, huduma baada ya kununua nne, maana wanapokea simu na wanarekebisha bila kelele. Ushauri wa mzigo wanaompa mteja sifuri kabisa. Lile boli la nyuma nilimwambia dogo wao alikate nikiwa nimesimama pale, akanicheka, mzee akaniambia "baba utalitaka tu msimu ujao." Pale lilipokuwa nimefunga tairi la akiba, nafasi inatosha vizuri.

Mkitaka la msimu huu wekeni oda mapema kabla watu hawajaanza kuchimba viazi, wakizidiwa wanawapa vibarua kazi ya kuchomelea na hapo ubora unashuka. Na breki mwambieni azifunge kabla ya rangi, langu walipaka kwanza ndo wakachomelea juu yake, sasa hivi pale kwenye ekseli kutu imeshaanza.