Chumba cha kusahihishia hisabati, Chikongola: maoni ya mzazi baada ya karatasi nane

Tangu mwezi Machi binti yangu, ambaye yuko kidato cha nne, amekuwa akienda kila baada ya majuma mawili katika chumba kimoja kilicho nyuma ya duka la stesheneri pale Chikongola, Mtwara mjini, ambako mwalimu mstaafu wa hisabati anaendesha huduma ambayo sijaiona kwingine katika mji huu: hafundishi, anasahihisha. Mwanafunzi hufika Jumamosi saa mbili asubuhi, hupewa karatasi ya maswali na kijitabu cha kujibia, hufanya mtihani kwa saa tatu bila kusaidiwa neno, kisha huenda zake. Jumanne jioni hurudi kuchukua kazi yake iliyopitiwa kwa peni nyekundu na kukaa na Mwalimu kwa nusu saa, makosa yakiwa wazi mezani. Gharama ni shilingi 4,000 kwa karatasi moja, fotokopi ikiwa humo humo. Jina la mahali pale silitaji, kwa sababu nina malalamiko mawili matatu ya kusema na sipendi mtu aharibikiwe riziki kwa kalamu yangu. Wenyeji wa Chikongola watapajua.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa twisheni ya jioni, watoto arobaini na kitu katika ukumbi mmoja, mwalimu akitatua maswali ubaoni kwa kasi ya ajabu na watoto wakinakili. Binti yangu alirudi nyumbani na madaftari yaliyojaa majibu sahihi, ambayo hayakuwa yake. Ya pili ilikuwa kijitabu cha mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, nilichokinunua mjini kwa shilingi 7,000. Kijitabu kile kina aina mbili za maudhi. Kwanza, kinaruka hatua: mstari mmoja una mlinganyo, mstari unaofuata una jibu, na katikati ndiko alikopotelea mtoto. Pili, kina makosa ya uchapaji. Kuna swali linalotoa logi ya 2 (yaani kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata 2) kuwa 0.3010 na kutaka logi ya 5. Kwa kuwa 5 ni 10 gawanya kwa 2, na logi ya 10 ni 1, unatoa 0.3010 kutoka 1 na kupata 0.6990. Kijitabu kiliandika 0.6090. Binti yangu alilirudia swali lile mara nne usiku mmoja akiamini kwamba kasoro ni yake, mpaka nilipotoa hesabu ile mwenyewe pembeni mwa gazeti.

Anayetaka kuelewa kwa nini kusahihishwa kuna thamani kuliko kuoneshwa majibu, atazame kwanza mtihani wenyewe ulivyo. Karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne inayotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania ina maswali 14 katika sehemu mbili: maswali 10 ya kwanza yana alama 6 kila moja, manne ya mwisho yana alama 10 kila moja, jumla alama 100, na yote ni ya lazima. Maelekezo yake yanamtaka mtahiniwa aoneshe kazi yake yote waziwazi. Daraja la D linaanzia alama 30, C linaanzia 45, B 65 na A 75. Kwa hiyo mtoto mwenye alama 27 hakukosea kila kitu, bali amepungukiwa na alama 3, na alama 3 zinaweza kuwa zimelala katika mistari ambayo aliijua lakini hakuiandika. Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo ambalo watahiniwa wengi hulianguka, na nadhani sehemu ya maanguko hayo ni ya namna hii. Karatasi ya kwanza ya binti yangu ilitoka na alama 27 hizo hizo.

Mwalimu haandiki alama ya vema na kuacha. Pembeni mwa kila mstari unaostahili alama anaweka herufi, N kwa alama ya njia na J kwa alama ya jibu, na pale alama ilipokosekana huizungushia duara herufi ile ile. Nina karatasi ya kwanza mbele yangu ninapoandika haya. Swali la takwimu lilitoa jedwali la alama za wanafunzi 40: wanne walipata kati ya 31 na 40, kumi kati ya 41 na 50, kumi na sita kati ya 51 na 60, wanane kati ya 61 na 70, na wawili kati ya 71 na 80. Lilitakiwa wastani. Namba ya katikati ya kundi la kwanza ni 35.5, ya pili 45.5, na kuendelea hivyo. Ukizidisha kila moja kwa idadi yake na kujumlisha unapata 2,160, na ukigawanya kwa 40 wastani ni 54. Binti yangu aliandika 35, 45, 55, 65 na 75. Kila kilichofuata alikifanya sawasawa, akapata jumla ya 2,140 na wastani wa 53.5.

Kwa kijitabu chetu angefungua ukurasa wa majibu, angeona 54, angelikata swali zima na kujiambia kwamba takwimu haziwezi. Peni nyekundu ilisema jambo jingine kabisa: katika alama 5 alinyimwa moja ya namba za katikati na moja ya jibu, akapewa tatu za kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, kwa sababu njia yake ilikuwa sahihi hata ilipobeba kosa la mwanzo. Chini yake Mwalimu aliandika kwa Kiswahili: “Jumlisha ncha mbili, gawa kwa mbili. Mengine unayajua.” Katika karatasi saba zilizofuata kosa lile halikurudi hata mara moja.

Mfano wa pili ni wa kosa ambalo mimi mzazi nisingeligundua. Shamba la mstatili lina urefu unaozidi upana kwa mita 7, na eneo lake ni mita za mraba 60. Tafuta urefu na upana. Binti yangu aliunda mlinganyo wake vizuri, akaugawa katika vipengele viwili, akapata kwamba upana ni 5 au -12, akaweka nukta na kuhamia swali linalofuata. Nilipoona duara mbili nilidhani Mwalimu amekosea. Alinieleza kwa subira kwamba alama moja ni ya kuikataa -12 kwa sababu, maana hakuna shamba lenye upana hasi, na nyingine ni ya kurudi kwenye swali na kujibu kilichoulizwa, yaani upana mita 5 na urefu mita 12, pamoja na kipimo chake. “Mzee,” aliniambia, “mtoto huyu anajua hesabu, ila anaondoka kabla hajaaga.” Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kusahau kuandika kipimo kunaitwa kuondoka bila kuaga.

Jambo jingine linalostahili sifa ni jinsi Mwalimu anavyoshughulika na lugha. Maswali yako kwa Kiingereza, kama mtihani ulivyo, lakini mazungumzo ya Jumanne ni ya Kiswahili, na kwa kila swali la maelezo humtaka mwanafunzi alisimulie kwanza kwa maneno ya nyumbani kabla ya kugusa hesabu. Lile la kutafuta faida kubwa kabisa kwa kuchora mistari ya mipaka, ambalo watoto wengi hulikimbia, yeye hulitunga kwa magunia ya korosho na ufuta, nafasi ya ghala na fedha ya usafiri. Binti yangu, aliyekulia katikati ya habari za minada na stakabadhi za ghalani, alilielewa kabla hajachora mstari wowote. Mwalimu pia huwaelekeza wazazi wenye simu kusoma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huziweka kwenye tovuti yake bila malipo, zikiwa na picha za majibu mazuri na mabaya ya watahiniwa wenyewe. Sikujua kama zipo. Nilisoma moja usiku kucha, na kwa maoni yangu inakishinda kijitabu cha shilingi 7,000 kwa mbali.

Ukali wake upo, na kwa sehemu kubwa naukubali. Swali la mlinganyo wa kipeo cha pili linaposema tumia njia ya kukamilisha mraba na mtoto akatumia kanuni ya jumla, Mwalimu humnyima alama zote za njia hata kama jibu limetoka sahihi, kwa hoja kwamba mtungaji alitaka kupima njia ile na si nyingine. Binti yangu alilia kwa ajili ya alama tatu za namna hiyo. Nilimpa maji, sikumpa hoja.

Sasa malalamiko. Wateja wameongezeka tangu mwezi Mei, na Mwalimu amechukua kijana wa kumsaidia kusahihisha, ambaye ana mwandiko mzuri na haraka nyingi. Katika karatasi ya sita lilikuwapo swali la pembetatu yenye pande za sentimita 13, 13 na 10, na lilitakiwa eneo lake. Mwongozo wa kusahihishia ulitumia nusu ya mzingo, yaani 18, na tofauti kati yake na kila upande: 18 zidisha kwa 5, kwa 5 na kwa 8 ni 3,600, kipeo chake cha pili ni 60. Binti yangu alidondosha mstari wima kutoka kileleni, ukakigawa kitako cha 10 katika 5 na 5, akapata kimo cha 12 kwa Pithagorasi, akazidisha nusu ya 10 kwa 12, na kupata 60. Swali halikutaja njia. Kijana alimpa alama ya jibu peke yake, kwa sababu mistari yake haikufanana na ya mwongozo. Nilipoipeleka kwa Mwalimu aliitazama kwa nusu dakika, akarudisha alama zote na kuandika kwamba njia hii ni fupi kuliko yake. Hilo ni la heshima, lakini nilijiuliza ni karatasi ngapi za watoto wengine zilizotoka siku ile bila mzazi wa kuzirudisha. Msahihishaji asiyeweza kutatua swali kwa njia mbili asiachiwe peni nyekundu peke yake.

Na yeye Mwalimu mwenyewe ana upande wake dhaifu, nao ni hesabu za biashara. Mimi kazi yangu ni kutunza vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, hivyo hapo ndipo ninapoweza kumkagua. Katika karatasi ya saba binti yangu alitengeneza urari, yaani orodha ya masalio ya akaunti ambayo pande zake mbili zinapaswa kuwa sawa, lakini pande hizo hazikulingana, kwa tofauti ya shilingi 15,000. Akaandika mstari mmoja usio na maelezo wa shilingi 15,000 upande uliopungua, na mambo yakalingana. Alipewa alama zote. Nilikwenda Jumanne ile na kueleza, kwa adabu, kwamba kazini kwangu mstari wa namna hiyo humpeleka mtu mbele ya bodi. Mwalimu alicheka sana, akakata alama mbili. Binti yangu hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kuhusu mazingira: chumba ni kidogo, madawati ni ya watu wawili yanayokaliwa na watatu, na ikifika saa nne asubuhi joto la mabati linamfanya mtoto apanguse karatasi kwa kiwiko. Feni moja ipo, umeme ukiwapo. Karatasi ya grafu inauzwa kando, jambo ambalo lingetajwa kwenye bei tangu mwanzo, na mara mbili kazi ya Jumanne ilitoka Alhamisi.

Mwanafunzi asiyejua kabisa kutatua mlinganyo hatapata msaada mkubwa pale, kwa kuwa nusu saa haitoshi kufundisha mada, na Mwalimu mwenyewe huwaambia wazazi wa namna hiyo watafute kwanza wa kufundisha. Anayefaidika ni yule anayejua nusu na kupoteza robo njiani. Alama za binti yangu baada ya ile 27 zimekuwa 34, 33, 41, 44, 47, 46 na, katika karatasi ya nane ya majuma mawili yaliyopita, 52. Nimelipia karatasi nne nyingine, kwa sharti kwamba zisahihishwe na Mwalimu mwenyewe. Amekubali, ila kazi sasa itachukuliwa Jumatano.