Kuku gani wa kuongeza kwenye kundi lako la kienyeji

Mpangilio huu ni wa mfugaji wa Tanzania anayefungulia kuku asubuhi wakachakure, kisha jioni akawaongezea pumba na mabaki ya jikoni. Anayefungia kuku na kulisha chakula cha dukani kutwa ana hesabu nyingine.

1. Mitetea ya Kuroiler

Kwangu hawa ndio wa kwanza, wala sioni wa kuwakaribia. Ni chotara waliotengenezwa India kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, na uani wanajitafutia kweli. Koo wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Kuroiler akiongezewa chakula hupita 150. Rangi zao zimechanganyika, kwa hiyo hata wateja wa kienyeji huwapokea.

Shida ni kuatamia: wengi wao hawaatamii. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anauza koo wake wote wa kienyeji apate hela ya Kuroiler. Wale koo ndio mashine yako ya kutotolea, isiyohitaji umeme. Wape mayai ya Kuroiler, na baada ya siku 21 watakulelea vifaranga bila gharama. Ila usitarajie vifaranga hao wawe kama wazazi wao. Uzao wa chotara hutofautiana, na ukitaka Kuroiler halisi itabidi ununue tena.

Nunua waliofikisha mwezi mmoja. Wa siku moja bei yake huvutia, lakini wanadai joto la usiku na mchana, na hapo ndipo wengi hufa. Muulize muuzaji walichanjwa lini dhidi ya mdondo (kideri) na gumboro, magonjwa ya virusi yanayoua kuku. Akianza kubabaika, ondoka.

2. Jogoo mmoja mzuri wa kienyeji

Kama fedha ni ya kuku mmoja tu, nunua jogoo, kwa sababu kila kifaranga atabeba damu yake. Sehemu za joto kama Dodoma au Pwani, chagua Kishingo: shingo tupu na manyoya machache humsaidia kupoa. Ukitaka umbo kubwa, kuna Kuchi, mrefu na mwenye nyama, ila ni mgomvi na majike yake hutaga machache. Jogoo mmoja anatosha majike kumi. Huyu mpya akishazoea, yule wa zamani mchinje au muuze, asije akapanda mabinti zake.

3. Sasso

Asili yake ni Ufaransa. Hukua haraka na nyama yake ni nzuri, lakini anakula sana, na uzito wake humfanya mwepesi wa kunaswa. Mchukue kama tayari una mnunuzi wa nyama.

4. Black Australorp

Hii ni mbegu halisi, kwa hiyo watoto hufanana na wazazi, jambo ambalo chotara hawakupi. Malawi imewasambaza kwa wafugaji wadogo kwa miaka mingi. Ningewapandisha juu zaidi kama wasingekuwa wagumu kupatikana. Sokoni kuku yeyote mweusi huitwa Australorp, hivyo omba kuwaona wazazi wao.

5. Kuku wa mayai wa kisasa

Mayai yanakaribia 300 kwa mwaka, lakini kwa chakula maalumu cha kila siku. Ukimwachia achakure na pumba, mayai hukatika. Usimchanganye na kundi la uani.

Yeyote utakayemchagua, mtenge wiki mbili mbali na wenyeji, na vyombo vyake vya maji viwe peke yake. Kuku wa mnadani huonekana mzima huku amebeba mdondo, na ugonjwa huo unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Wenyeji nao wachanje kabla mgeni hajafika: chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni, kisha rudia kila miezi mitatu.