Kithai cha kubeba, Mikocheni

Nikirudi kazini nimechoka, naagiza chakula kutoka mgahawa wa Kithai hapa mtaani kwetu. Chukueni mchuzi wa kijani wa kuku. Tui zito, majani ya mrehani bado mabichi, harufu ya mchaichai inakupokea ukifungua tu kopo, na pilipili inayokuja taratibu halafu haiondoki. Wali wanaufunga peke yake, kwa hiyo haulowi.

Pad thai, zile tambi za kukaanga, kaileni palepale. Bodaboda akikwama kwenye foleni ya jioni, tambi zinafika zimegandana. Ukwaju umekolea vizuri, ila karanga wanabana mno!

Kama huli samaki, uliza kwanza: sosi ya samaki huingia hata kwenye mboga. Bei imechangamka, lakini kwa mchuzi ule nalipa.