Steshenari ya nyuma ya soko la Majengo iliyonirudishia sifuri yangu

Wenzangu mnaosoma ukutubi na mko Dodoma kwa fildi, kama mna andiko la kupeleka kwenye shindano, piteni kwanza kwa dada mmoja mwenye steshenari nyuma ya soko la Majengo. Ni chumba kidogo chenye mlango wa chuma wa bluu, kompyuta mbili, mashine moja ya kopi na benchi la watu watatu. Bango halina jina, limeandikwa tu KOPI, KUCHAPA, PASPOTI, SPAIRA.

Nilikuwa na makala ya shindano la wanafunzi wa maktaba na taarifa. Masharti yalikuwa maneno yasiyozidi 5,000, fonti ya 12, nafasi mbili kati ya mistari, na jina la mwandishi lisionekane popote ndani ya andiko, waamuzi wasijue wanamsoma nani. Mada niliitoa kwenye meza niliyopangiwa fildi, ambako kazi yangu ni kubandika lebo kwenye migongo ya vitabu. Katika mpangilio wa Dewey, yaani mfumo wa namba wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi ya Kiingereza imetengewa 820 hadi 829. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Sasa shika riwaya ya Kiswahili ya kurasa 90, nyembamba kama daftari, ujaribu kuibandika tarakimu hizo sita na nukta yake, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Mgongo hautoshi. Lebo inapinda mpaka kwenye jalada, vidole vya wasomaji vinaisugua, mwishowe inasomeka 896 tu na kitabu kinarudishwa kusiko kwake. Nimeviokota vingi namna hiyo, na vinaniuma, kwa sababu mtoto aliyekuja kukitafuta ameshaambiwa hakipo.

Rasimu nilikuwa nimeitengenezea kwenye steshenari nyingine, sitaitaja. Nilifika nyumbani nikakuta mafolda yote kwenye flashi yamegeuka shotikati, flashi imeingia virusi. Na jedwali langu, ambalo walilichapa upya kwenye Excel, lilikuwa na kosa ambalo mimi mwenyewe sikuliona. Hiyo ilikuwa Jumatano jioni, na mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa.

Dada wa Majengo aliichomeka flashi kwenye kompyuta ya pembeni, ile asiyoiwekea kazi za wateja, akaisafisha, akayafichua mafaili yaliyofichwa. Yote yalikuwemo. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, masharti yao unayo?" Nikampa simu. Aliyasoma yote, mistari yote, nyuma yangu kuna mzee ana hati ya kiwanja anataka kopi, ndipo akafungua andiko.

Alifika kwenye jedwali akaweka kidole kwenye kioo. "Hii 20 imetoka wapi? Huku juu umeandika 020." Nilihisi joto usoni. 020 ndiyo rafu ya fani yetu wenyewe, maktaba na taarifa, na namba ya Dewey haipungui tarakimu tatu. Excel ilikuwa imeichukulia kuwa hesabu ikaimeza sifuri ya mbele, na 070 ikawa 70 vilevile. Andiko zima linazungumzia urefu wa namba, halafu namba zenyewe zimekatwa! Mwamuzi yeyote wa fani hii angeishia hapo. Dada aliigeuza safu ile isomwe kama maandishi, akazirudisha sifuri moja moja huku mimi nikimsomea kutoka kwenye daftari langu.

Jina nilikuwa nimelifuta kwenye ukurasa wa kwanza. Yeye akafungua taarifa za faili, na humo jina langu kamili likawa limekaa kwenye nafasi ya mwandishi, na la ile steshenari ya kwanza kwenye nafasi ya aliyehifadhi mwisho. Akayaondoa, akahifadhi PDF, akaifungua tena hiyo PDF kuhakikisha.

Halafu akaniuliza kwa nini namba ya fasihi ya Kiswahili ni ndefu hivyo na ya Kiingereza fupi. Nikamweleza kwamba Dewey alikuwa Mmarekani, aliupanga mfumo kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Amherst, akaigawa nafasi kwa kadiri ya vitabu vya kwao, na lugha za huku zikaja kubanwa pamoja mwishoni. Akasema, "Mbona hapo umenyoosha? Huku kwenye karatasi umezunguka." Alisema kweli. Niliiandika upya aya ya mwanzo pale kwenye benchi, kama dakika 40, na hakunidai hata senti ya kukaa.

Bei: kuchapa ni shilingi 200 kwa ukurasa, rangi 500, spaira 2,000. Kurasa zangu 18 na spaira ya nakala ya msimamizi zilifika 5,600, na jedwali akanitoza 1,500. Jumla 7,100. Rangi naona ni ghali, kwa hiyo grafu zako zitengeneze ziweze kueleweka kwa nyeusi na nyeupe. Foleni yake haiendi haraka, maana kila mtu anahudumiwa hivyohivyo, na umeme ukikatika hana jenereta. Jumatatu asubuhi usiende, waombaji wa kazi wanajaa na vyeti vyao.

Kabla sijalipa alilifuta andiko langu kwenye kompyuta yake, akamwaga na kapu la takataka, akanigeuzia kioo nione. Darasani tunafundishwa kwamba alichosoma mtu ni siri yake. Kwenye steshenari nyingi nilizopita, kazi za watu zimelala wazi kwenye skrini, na anayetaka anachukua. Kwa hilo peke yake ningempa alama zote.

Nilituma Ijumaa saa mbili usiku. Hufungua saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili baada ya ibada. Nenda na masharti ya shindano, atayaomba.