TAHADHARI: Kijiko cha mbele cha trekta kinachopitishwa Urambo, Kaliua na Nzega

Ndugu wakulima, kuna fundi anazunguka mkoani Tabora akiuza kijiko cha kufunga mbele ya trekta. Anaonyesha picha kwenye simu, anataka nusu ya hela kabla ya kazi, anaapa kinaingia kwenye trekta yoyote. Shemeji yangu wa Urambo alilipa, akafungiwa. Wiki ileile mikono ya kijiko ilipinda ikiwa imebeba mchanga, na kijana aliyesimama kando akaponea chupuchupu. Fundi hapokei simu.

Nimekifungua chote. Pini za mikono ni vipande vya nondo, mistari yake unaigusa kwa kidole chini ya grisi. Bushi, yaani kipande cha kuzuia pini isile tundu, hakuna, chuma kinasagana na chuma, na matundu yameshakuwa marefu kama yai. Palipochomelewa vibaya pamezibwa kwa puti na kupigwa rangi. Shafti za silinda, zile pampu za oili zinazonyanyua mikono, zina mikwaruzo iliyofichwa kwa rangi ya silva, ndiyo maana oili ilivuja tangu siku ya kwanza.

Hayo yote yanabadilishika. Mpangilio wenyewe ndio wa hatari. Kijiko hakina kiungo cha pili cha kukiweka sawa kinapopanda, wala silinda ya kukiinamisha. Kimeshikwa na ndoano ya kuvuta kwa kamba. Mikono ikienda juu, kijiko kinalalia nyuma na mzigo unamfuata dereva.

Halafu anatangaza tani 2. Silinda ya milimita 50, kwa presha ya kilo 150 kwa sentimita ya mraba, inasukuma karibu tani 3. Mbili ni tani 6. Amezifunga kwenye robo ya mkono kutoka kwenye egemeo, pale mkono unapozungukia, kwa hiyo nguvu ya kunyanyua mbele kwenye kijiko haiwezi kuzidi tani 1.5, na kwa kuwa zinasukuma kwa mshazari inapungua zaidi, bado hujatoa uzito wa mikono na kijiko chenyewe.

Lililoniuma kuliko yote: fremu ameibana kwenye bolti za mbele ya injini tu. Trekta nyingi za shamba hazina chasisi. Injini, gia boksi na difu ndiyo uti wa mgongo. Fremu ya kijiko lazima irudi nyuma ishikwe mpaka kwenye ekseli ya nyuma, la sivyo unapasua injini. Uzito wa kukabili mzigo, ule wa kuning'iniza nyuma, hakuutaja kabisa.

Akija kwako, mwambie achomoe pini moja uione, kisha anyanyue mzigo anaoutangaza mbele ya macho yako kabla hujatoa shilingi. Akikataa, mwache aende.

Mliokwisha kumlipa, msifute meseji wala miamala ya simu, na msiuze vyuma hivyo kama skrepa. Andikeni hapa chini mlipo, twende polisi pamoja.