Mbegu za boga kubwa la Atlantic Giant: mbegu nzuri, kalenda ya ugenini

Mbegu za Atlantic Giant zinazopatikana katika baadhi ya maduka ya pembejeo hapa Mombasa zina nguvu, huota vizuri, nami nazipendekeza kwa mtu yeyote mwenye nafasi ya kutosha na subira. Ninacholalamikia ni maelekezo yaliyochapwa nyuma ya pakiti niliyouziwa, kwa kuwa yanamtaka mkulima aoteshe mwezi wa Aprili bila kumweleza kwamba Aprili hiyo ni ya nchi zenye majira ya baridi kali.

Aina hii ilikuzwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, na maboga yanayoshindania rekodi ya dunia siku hizi hutokana na ukoo wa mbegu zake, likiwemo lile la Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, lililofikia kilo 1,247 mwaka 2023. Huko kwao kalenda huamuliwa na sakitu, yaani baridi ya kugandisha inayoua mimea. Mbegu huoteshwa ndani ya nyumba katikati au mwishoni mwa Aprili, miche huhamishiwa shambani mwezi wa Mei baridi ikishapita, ua jike huchavushwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na boga hupimwa mwanzoni mwa Oktoba. Boga lenyewe basi hupata takriban siku 90 hadi 100 za kukua, huku mchana wa kiangazi ukifika saa kumi na tano na usiku ukiwa na ubaridi, na katika wiki zake bora huweza kuongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku moja. Wakulima wa New Zealand, ambao majira yao ni kinyume, huotesha mwezi wa Oktoba na kuvuna Machi au Aprili. Pakiti haikuwakumbuka wao wala sisi.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kwa kuwa hatuna sakitu wengi huamini kwamba mwezi wowote unafaa. Sivyo hata kidogo. Ukiotesha Aprili na kuuhamishia mche shambani Mei, unaupeleka ungali laini katikati ya kilele cha masika, na hapo shina huanza kuoza usawa wa udongo na majani hushikwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, kabla ua la kwanza halijachanua. Ukiotesha Oktoba, boga litakua wakati wa kaskazi, joto likizidi kupanda hadi kufikia nyuzi 32 au 33 ifikapo Machi. Joto la namna hiyo huufanya mmea utoe maua dume mengi na maua jike machache, vitoto vya boga hupukutika, na hata boga likishika hukomaa mapema kabla ya kujaa. Usiku wa joto nao hudhuru, maana mmea hutumia usiku sehemu kubwa ya chakula ulichokitengeneza mchana.

Njia sahihi ni kuchagua kwanza miezi ambayo boga litanenepa, kisha kuhesabu kurudi nyuma. Kwetu miezi hiyo ni Agosti na Septemba, wakati kusi inavuma, mvua ni haba na joto la mchana haliendi mbali na nyuzi 28. Mimi huotesha katika wiki ya mwisho ya Mei, kwenye trei iliyo chini ya paa, na kuhamisha miche Juni mvua inapopungua, ili uchavushaji uangukie mwishoni mwa Julai. Mzee mmoja jirani yetu huku Kisauni, ambaye hajapata kuiona pakiti hiyo, aliniambia jambo lile lile kwa maneno machache: “Mwanangu, ngoja mvua ya Mei itulie ndipo uchimbe shimo.”

Uchavushaji usiachiwe nyuki peke yao. Jioni ya kuamkia kuchanua, ncha ya ua jike hugeuka manjano. Hapo nalifunga kwa uzi ili mdudu asiingie. Asubuhi, kabla ya saa mbili, nachuma ua dume, natoa petali zake zote, kisha napaka chavua taratibu kwenye kila sehemu ya stigma, yaani kile kitovu kinachopokea chavua ndani ya ua jike. Jua letu likishapanda, ua hunywea na kazi huwa imepita.

Udongo wetu wa mchanga na matumbawe haushiki maji, kwa hiyo shimo pana la samadi iliyooza ni lazima, pamoja na matandazo ya nyasi na maji asubuhi na jioni. Kusi pia huvunja mashina marefu yanayotambaa. Uzio wa makuti upande wa upepo husaidia sana, na kufukia vifundo vya shina udongoni huyatia mizizi ya ziada. Kwa kalenda hii nimepata boga lililobebwa na watu wawili kwa gunia, uzito ambao hauwezi kulinganishwa na wa Minnesota, lakini ni mkubwa kupita boga lolote nililoliona katika soko la Kongowea.

Anayetaka boga la kupika kwa nazi wakati wa futari asinunue mbegu hizi: nyama yake ni ya majimaji na utamu wake ni hafifu.

Kuhusu duka lenyewe, wahudumu ni wastaarabu, ila pakiti zilikuwa zimetundikwa mlangoni zinapopigwa na jua la alasiri. Joto na unyevu wa pwani huua mbegu polepole hata zikiwa ndani ya karatasi, kwa hiyo omba pakiti iliyohifadhiwa ndani, soma tarehe ya kufungashwa, na uinunue mwezi wa Mei wenyewe badala ya kuiweka nyumbani tangu Januari.