Mapitio ya ofisi ya ushauri wa uhamiaji: udhamini wa mume na miezi 18 ya kusubiri

Huu ni mwezi wa 18 tangu mimi na mume wangu tuanze kungoja uamuzi wa ombi la kumdhamini apate ukaazi wa kudumu nchini Kanada, yeye akiwa Mombasa na mimi nikiwa Ontario. Ombi letu liliandaliwa na kutumwa na ofisi ndogo ya ushauri wa uhamiaji ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa ninachotaka kueleza kinawahusu wote wanaojiuliza kama inafaa kumlipa mtu awashikie faili. Kwa maoni yangu, ofisi hiyo ilistahili kila senti niliyoilipa hadi siku ombi lilipotumwa, na haikustahili kuendelea kulishika faili letu hata wiki moja baada ya hapo.

Mkataba ulikuwa wa dola 3,200 za Kanada, na kodi ya asilimia 13 ikafanya jumla kuwa dola 3,616, za kulipwa kwa awamu tatu: ya kwanza siku ya kutia saini, ya pili siku ya kutuma ombi, na ya tatu uamuzi utakapotoka. Fedha hizo ni mbali na ada za serikali, ambazo baada ya kupandishwa tarehe 30 Aprili 2024 zilikuwa dola 85 za udhamini, 545 za kushughulikia ombi la mwenza na 575 za haki ya ukaazi wa kudumu, yaani dola 1,205, na juu yake dola 85 za alama za vidole na picha. Mshauri alitueleza kwamba zile 575 zingeweza kulipwa baadaye na kwamba hurudishwa iwapo ombi litakataliwa, lakini akatusihi tuzilipe mapema ili faili lisije likasimama mwishoni kwa kungoja malipo. Niliuona ushauri huo kuwa wa busara, na bado nauona hivyo.

Kabla ya kutia saini nilihakikisha kuwa jina lake limo kwenye daftari la wazi la chombo kinachowasimamia washauri wa uhamiaji nchini Kanada, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Hatua hiyo huchukua dakika tano tu, na yeyote asiruke, kwa maana sheria ya Kanada inamkataza mtu asiye na leseni kutoza pesa kwa kazi hii, na katika jumuiya zetu hawakosekani wanaoifanya sebuleni kwao bila kuweka jina lao popote kwenye fomu.

Kikao cha kwanza kilidumu karibu saa mbili, na ndicho kilichonifanya nimwamini. Mume wangu ana binti wa miaka sita kutoka ndoa yake ya kwanza, anayeishi na mama yake, na sote wawili tulikuwa tumekubaliana kimyakimya kwamba mtoto asitajwe, si kwa nia ya kudanganya, bali kwa kuwa haji Kanada sasa na tulidhani kumtaja kungeongeza maswali. Mshauri aliweka kalamu chini na kutueleza pole pole kwamba mtoto asiyetajwa na asiyepimwa afya wakati wa ombi la mzazi wake, kwa kawaida, hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia, hata mzazi akilia machozi ya damu. Mume wangu, aliyekuwa kwenye simu kutoka Mombasa, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Basi aandikwe wa kwanza.” Mtoto aliandikwa, cheti cha talaka kikaambatanishwa, na mama yake akakubali apelekwe kwa daktari aliyeidhinishwa. Hata huduma nzima ingekuwa hilo tu, ningelipa.

Jambo la pili aliloligundua lilihusu akdi yenyewe, yaani kufungwa kwa ndoa yetu. Kwetu Pwani ni kawaida ndoa kufungwa msikitini, bwana harusi akiwa na mashahidi na wali, yaani msimamizi wa bibi harusi, huku bibi harusi akiwa nyumbani na wanawake wenziwe, na hakuna anayeona ajabu. Kanuni za Kanada, tangu tarehe 11 Juni 2015, hazimkubali kwa udhamini mwenza ambaye ndoa yake ilifungwa bila mmojawapo wa wanandoa kuwepo yeye mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zinazowahusu wanajeshi wa Kanada. Akdi yetu ilifungwa Desemba 2022 sebuleni kwa baba mdogo, mimi nikiwa chumba cha pili na mlango uko wazi, na sheikh alinijia mwenyewe kuniuliza ridhaa yangu na kuniwekea daftari mapajani nitie saini. Picha zetu, hata hivyo, zilionyesha wanaume peke yao wameketi kwenye mkeka. Mshauri alizitazama mara moja na kusema kwamba afisa ambaye hajawahi kuhudhuria harusi ya Kiswahili atauliza, “Mke yuko wapi?” Akatuomba barua ya sheikh aliyefungisha, ikieleza nani alikuwa wapi na nani alitia saini mbele ya nani, nasi tukaipata pamoja na tafsiri yake.

Tafsiri ilikuwa kazi kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila kisichoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa lazima kitafsiriwe na tafsiri ithibitishwe, na mapenzi yetu yote yameandikwa kwa Kiswahili. Orodha ya nyaraka inataka mazungumzo yasizidi kurasa 10 na picha zisizidi 20, nasi tulikuwa na maelfu ya jumbe. Nilikuwa nimechagua zile tamu, za mwezi ule tulipochumbiana. Mshauri alizirudisha, akaniambia nimletee za kawaida, zilizotapakaa katika miaka yote: moja ya mwezi huu, moja ya miezi mitatu iliyofuata, hata kama ni za kuuliza kodi ya nyumba au homa ya mtoto. Ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwa nimekiona. Karibu kila siku, saa nne usiku kwangu, ambayo kwa majira ya kiangazi ni saa kumi na moja alfajiri kwake, kuna ujumbe wa neno moja kutoka kwa mume wangu anapoamka kuswali: “Umelala?” Mfasiri aliliandika neno hilo kwa Kiingereza mara 11 katika kurasa 10, na sidhani kuna hati nyingine yoyote katika faili lile inayosema ukweli wa ndoa yetu kwa uwazi zaidi.

Alikuwa makini pia na kisanduku kidogo katika fomu ya udhamini, kinachomuuliza mdhamini kama anataka ombi liondolewe au liendelee iwapo yeye mwenyewe ataonekana hana sifa. Kuliondoa kunarudisha sehemu kubwa ya ada, jambo linalovutia, lakini kunapoteza haki ya kukata rufaa. Tuliandika liendelee. Kwa sababu hiyo hiyo ya rufaa hakutushauri mume wangu aje kwanza kama mgeni ili tuombe tukiwa pamoja ndani ya Kanada: anayeomba kwa njia ya mwenza aliyeko nchini hana rufaa mbele ya baraza la rufaa za uhamiaji akikataliwa, ila anabaki na njia ya Mahakama ya Shirikisho.

Ombi lilitumwa tarehe 14 Mei 2024. Mnamo Julai nilikubaliwa kuwa mdhamini, mume wangu akapanda treni hadi Nairobi kutoa alama za vidole, na Agosti yeye na binti yake wakapimwa afya. Kisha ofisi yetu ikawa kama imefunga duka.

Lazima niseme hapa kwamba urefu wa kungoja simlaumu mshauri hata kidogo. Serikali ya Kanada ilitangaza Desemba 2016 kuwa inakusudia kumaliza sehemu kubwa ya maombi ya wenza ndani ya miezi 12, na yapo yanayozidi muda huo kwa sababu ambazo hakuna mshauri anayeweza kuzibadilisha. Anachoweza ni kukueleza uliko, na hilo ndilo tulilolikosa. Kila nilipoandika barua pepe nilijibiwa baada ya siku tisa au kumi kwa sentensi moja, kwamba ombi bado linashughulikiwa. Hakuwahi kunieleza kwamba tangu Februari 2022 kuna ukurasa wa kufuatilia maombi ya familia ambao mdhamini na mwombaji wote wanaweza kuufungulia akaunti, na unaoonyesha hatua moja moja kama imeanza, inaendelea au imekamilika. Niliusikia kwa dada mmoja tuliyekutana darasani, mwezi wa nne wa kungoja, na jioni hiyo hiyo nikajua mengi kuliko niliyoambiwa na ofisi tangu Mei.

Mtu ambaye hajawahi kukaa katika hali hii anaweza kuona kwamba haya ni malalamiko madogo. Mimi ni mkaazi wa kudumu, si raia, na mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada wakati anamdhamini mwenza wake; kwa hiyo siwezi kurudi Mombasa tukangoja pamoja. Nilikwenda kwa wiki tatu Aprili 2025, nikarudi. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, neno “linaendelea” likiwa na tarehe kando yake ni chakula cha wiki nzima, na neno hilo hilo bila tarehe halishibishi.

Kosa lililonifanya niandike mapitio haya lilitokea Septemba 2025. Vipimo vya afya hudumu miezi 12, na vile vya mume wangu na binti yake vilikuwa vimekwisha muda Agosti. Barua ya kuwataka wapime upya ilitumwa tarehe 2 Septemba, nasi tulipewa siku 30 za kuitekeleza. Ukishamteua mwakilishi, barua za serikali zinakwenda kwake, si kwako. Hiyo ndiyo maana ya kuteua mwakilishi, na mkataba wetu ulisema atatufikishia kila barua ndani ya siku mbili za kazi. Barua ile ilinifikia tarehe 13 Septemba. Siku 11 ilikuwa imelala katika akaunti ya ofisi, na ilipokuja haikuwa na maelezo yoyote wala kuomba radhi, isipokuwa maneno “tafadhali tazama kiambatisho.” Mume wangu ilibidi amwombe mama wa mtoto ruhusa kwa haraka isiyo na adabu, atafute nafasi kwa daktari na kumtoa binti shuleni siku ya mtihani. Walipimwa tarehe 19. Hatukuchelewa, lakini si kwa hisani ya ofisi hiyo.

Baada ya hapo niliomba mwenyewe nakala ya maandishi ya maafisa kuhusu faili letu, kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa, kwa ada ya dola 5 na idhini ya maandishi ya mume wangu. Mshauri aliwahi kunitajia huduma hiyo hiyo kwa dola 150. Kurasa nilizopata nyingine zimefutwa sehemu, na nyingi ni vifupisho vinavyohitaji subira kuvisoma, lakini katika moja afisa ameandika kwamba ushahidi wa uhusiano unatosha na kwamba barua ya mfungishaji ndoa imeonekana. Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Iliyoleta barua ile kwenye faili ni ofisi ninayoilalamikia, na sitaki msomaji asahau hilo ninapoisema vibaya.

Kwa anayetaka kuajiri mshauri, ningemwomba aulize kama anaweza kulipia maandalizi na ukaguzi wa faili tu, kisha atume ombi kwa akaunti yake mwenyewe. Kama mshauri atabaki kuwa mwakilishi, mkataba useme ni nani hufungua akaunti ya barua na mara ngapi kwa wiki, na tarehe ya kumalizika kwa vipimo vya afya iandikwe humo humo, mahali pande zote mbili zinapoiona. Nyota tano kwa miezi ya maandalizi hadi siku ombi lilipotumwa, nyota moja kwa mingine yote.

Uwakilishi niliufuta mwezi Oktoba kwa fomu ile ile iliyotumika kuuanzisha, na barua sasa zinakuja kwangu moja kwa moja. Vipimo vipya vimepokewa. Uchunguzi wa usuli bado unaonyesha kuwa unaendelea. Awamu ya tatu ya malipo, ile ya siku ya uamuzi, nimeiandikia ofisi nikiomba isitozwe, nikaambatanisha barua ya tarehe 2 na barua pepe ya tarehe 13. Hadi ninapoandika haya, wiki ya tatu, sijajibiwa.